Kipande cha bati mdomoni mwa duara

Reli inayotoka Tabora kwenda Mwanza kupitia Isaka na Shinyanga ni ya njia moja. Treni mbili hupishana stesheni tu, kwa hiyo dereva haingii sehemu ya njia mpaka apewe ruhusa, na haingii mwingine mpaka wa kwanza athibitishwe kuwa ametoka. Usalama wote wa njia hiyo unasimama juu ya swali dogo: sasa hivi, nani yuko wapi?

Kwenye maduara yetu, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, swali hilo mara nyingi hujibiwa ukuta ukishaanguka.

Oktoba 2015 mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliporomoka. Wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji ya matope. Mwenzao mmoja alifia humo. Juu walishahesabiwa kuwa wafu. Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walifukiwa, na wote wakatolewa hai baada ya siku chache. Sisemi udongo wa migodi hii miwili ni mmoja. Lakini Nyarugusu mawasiliano yalipatikana mapema, waokoaji wakajua wanachimba kuelekea wapi na kwa ajili ya nani. Tofauti hiyo ndiyo inayonishughulisha.

Ili kujua nani yuko chini, migodi ya makaa ya mawe Uingereza ilitumia vipande vya shaba vyenye namba: kimoja kwa mchimbaji, kingine ubaoni. Kwetu bati lililokatwa na kugongwa namba kwa msumari linatosha. Ubao ukae karibu na winchi, chini ya turubai, na uwe na mstari kwa kila njia ya pembeni, si kwa duara zima. "Yuko chini" haimsaidii mwokoaji. "Yuko njia ya pili, upande wa kijiji cha Lwamgasa" humwonyesha pa kuanzia. Mtu wa winchi asishushe kamba kabla bati halijatundikwa, na asimpandishe mtu akamwacha aende kunywa chai bila kulitoa.

Ugumu uko hapa. Maduara hukutana chini. Mtu hushukia kwa jirani, akatokea kwetu, na bati lake likabaki linaning'inia upande wa pili. Ajali ikitokea, watu watahatarisha maisha kumtafuta aliyeketi kwa mama lishe anakula ugali. Kwa hiyo ubao wa duara moja hautoshi. Maduara yaliyokutana chini lazima yawe na ubao mmoja, au wasimamizi wapeane taarifa kila zamu, kama stesheni mbili zinavyofanya.

Ugumu mwingine ni pesa. Mchimbaji halipwi kwa saa, anasubiri kugawana mifuko ya mawe. Dakika za kutundika bati, na hasa saa za kufunga matimba ya kushikilia kuta, hazimwingizii kitu. Ukimwekea faini atalikwepa bati. Ningeanza kwenye mgao wenyewe: namba isiyokuwepo ubaoni zamu ile haina mfuko, na waliofunga matimba wawe na fungu lao kabla mawe hayajagawanywa. Hapo kila mmoja atalinda bati lake, kwa sababu ndilo ushahidi wake kwa mwenye duara.

Bati halizuii mwamba kuanguka. Agosti 2025, Nyandolwa mkoani Shinyanga, ilijulikana kuwa watu 25 wamefukiwa, na bado wengi hawakutoka hai. Matimba, mteremko wa kuta na maji ya mvua, kila kimoja kinahitaji kazi yake. Ila duara lisiloweza kuhesabu watu wake sioni litakavyokumbuka kukagua nguzo zake.

Mkaguzi wa madini akifika, leseni aiombe baadaye. Ahesabu mabati ubaoni, kisha aombe watu wote wapandishwe, awahesabu mmoja mmoja wanavyotoka.