Sekai hakubeba peke yake

Wengi wetu tuliosoma sekondari Tanzania tulikutana na Sekai darasani, ndani ya Takadini, riwaya ya Kiingereza ya Ben Hanson. Mwanamke aliyesubiri mtoto kwa miaka mingi anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto auawe, naye anatoroka naye. Kwenye mtihani tulijibu kwamba Sekai ni jasiri, mvumilivu, mwenye upendo wa kweli. Tukapata alama zetu.

Jibu hilo ni sahihi, ila limeacha nusu ya kitabu. Sekai anapokelewa katika kijiji kingine. Mzee Chivero anawapa makazi, na Takadini anajifunza kupiga mbira. Mwondoe Chivero kwenye hadithi, kisha uniambie ujasiri wa Sekai ungemfikisha wapi.

Naishi Mwembesongo, Morogoro, na naona tunavyomsoma Sekai ndivyo tunavyowasoma akina mama wa watoto wenye ulemavu wa akili. Jirani yangu mmoja ana kijana wa miaka 14 anayehitaji kuogeshwa, kulishwa na kuangaliwa asitoke barabarani. Watu husema, "Yule mama ana moyo." Msemaji anapita zake. Mama anabaki akipiga hesabu nani atakaa na kijana yeye akienda kuuza vitumbua. Kijana huyo ndiye kifungua mimba wake, lakini mtaani mama anaitwa kwa jina la mtoto wa pili.

Mwaka 1949 mwanasosholojia wa Marekani, Reuben Hill, aliandika kuhusu familia zilizotenganishwa na vita. Alieleza kwamba uzito wa mgogoro hautokani na tukio peke yake. Unategemea pia familia ina nini cha kuiegemeza, na tukio lenyewe inalipa maana gani. Kwa kipimo hicho, Chivero ni egemeo. Kulificha jina la mtoto ni maana iliyokwisha kutolewa na mtaa, na mama ndiye anayeishi nayo.

Riwaya nayo ina upungufu wake. Mbira inamsaidia mno Takadini kukubalika, kana kwamba kipaji ndicho kinachomlipia kodi ya kuishi kati ya watu. Je, mtoto ambaye hatapiga mbira wala kuimba wala kushinda chochote? Kijana wa jirani yangu hana cha kuwaonyesha wageni. Anacheka mvua ikinyesha, basi. Hadithi zetu bado hazijamwandikia mama yake mwisho mwema.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati hadi ngazi ya mtaa, maana yake mzigo huu haukuachiwa uvumilivu wa mama mmoja. Ningekuwa natunga mtihani, nisingeuliza tena sifa za Sekai. Ningeuliza: nani walimpokea, na walimpa nini?