Tarakimu Tatu za Msimamizi

Kazi ya kupanga ruhusa za mafaili kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi haina mashabiki. Ikifanywa vyema, karani hufungua anachopaswa kufungua bila kujua kwamba kuna aliyemfikiria. Ikifanywa vibaya, lawama huangukia virusi au wadukuzi. Amri zake kijana yeyote atazikariri kwa siku moja. Ustadi wake uko kwenye kuunda vikundi.

Unix, mfumo endeshi ulio chimbuko la ruhusa hizi, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwongozo wake wa kwanza, wa Novemba 1971, uliwatambua watu wa aina mbili tu mbele ya faili: mwenyewe na asiye mwenyewe. Mpango huo haukudumu, kwa sababu kazi za watu hazigawanyiki hivyo; kati ya mtu na ulimwengu mzima wapo wenzake wa ofisini. Nafasi ya tatu, ya kikundi, ikaongezwa, na ndiyo iliyopo hadi leo kwenye Linux na macOS. Kila faili lina mwenyewe, kikundi na wengine, na kila upande hupewa au kunyimwa kusoma, kuandika na kuendesha. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1, na jumla ya kila upande huwa tarakimu yake. Faili lenye 640 husomwa na kuandikwa na mwenyewe, kikundi hulisoma tu, na wengine hawana lao.

Tuchukue folda ya mishahara ya ofisi ya kawaida. Fundi mvivu humfanya mhasibu mkuu kuwa mwenye mafaili, kisha kila anapoajiriwa mhasibu mwingine humpa nywila ya mkuu wake. Fundi stadi huunda kikundi, akakiita mishahara, na kuipa folda 2770. Ile 2 inayotangulia tarakimu tatu ina thamani kubwa: huagiza kila faili jipya litakalozaliwa humo lirithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyeliunda. Kisha hurekebisha umask, yaani ruhusa zinazoondolewa faili linapoundwa, iwe 007, maana kwa 022 iliyozoeleka wenzake wangelisoma faili jipya wasiweze kulisahihisha. Mhasibu akihamishiwa ghalani, jina lake huondolewa kwenye kikundi na hakuna faili hata moja linaloguswa. (Ahakikishe pia kwamba mtu huyo ametoka kwenye mashine, kwa kuwa uanachama husomwa mtu anapoingia; wengi husahau hili wakadhani mlango umefungwa.) Ruhusa hukaa na kazi, watu huja na kuondoka. Tena, katika folda, kuandika maana yake ni kuongeza na kufuta majina yaliyomo, hivyo mtu asiyeruhusiwa hata kulisoma faili anaweza kulifuta mradi folda yenyewe yuko huru kuiandika. Ndiyo maana folda ya wote kama /tmp huwekwa 1777: hiyo 1 humzuia mtu kufuta cha mwenzake.

Atatokea wa kusema, taabu yote hii ya nini, weka 777 kazi iendelee. Na kweli itaendelea. Ila kwenye seva ya tovuti, folda ya 777 humpa mvamizi aliyeiteka programu yoyote mahali pa kuandikia hila zake. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa haki chache kabisa zinazotosha kazi yake. Anayeweka 777 amekataa hata kuuliza zipi zinatosha.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaoona mpango huu ni mfinyu mno. Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, humruhusu msimamizi kuandika orodha ndefu: huyu asome, yule aandike, wa tatu akataliwe kabisa; na Linux nayo inazo orodha za namna hiyo. Nakubali zinahitajika pale wakaguzi wanapotakiwa kuisoma folda ambayo wahasibu wanaiandika na wengine wote hawaruhusiwi kuiona. Hapo kikundi kimoja hakitoshi. Lakini orodha hukaribisha majina ya mtu mmoja mmoja, na miaka michache baadaye hakuna anayekumbuka fulani aliongezwa kwa sababu gani. Ufinyu humlazimisha msimamizi kuamua kwanza nani anafanya kazi na nani. Na root, mtumiaji mkuu wa mfumo, je? Huyo hupita kote, hakuna tarakimu inayomzuia. Kwa hiyo nywila yake isigawiwe, na sudo, amri ya kuazima uwezo wake, itumike kumpa kila fundi amri anazozihitaji tu.

Wewe mwenye ofisi yenye seva, mwambie fundi wako akuonyeshe folda ya mishahara ni ya kikundi gani, na waliomo ni akina nani. Akishindwa kukujibu papo hapo, vikundi vyako havijapangwa.