Mtori wa Kisongo: Usipande Ndege Kabla Hujapita Hapa!

Wasafiri wa Arusha, kifungua kinywa cha safari kimepatikana! Ukiwa na ndege ya asubuhi pale Kisongo, achana na biskuti za kwenye begi. Kando ya barabara ya Dodoma, karibu na uwanja, mama lishe mmoja anapika mtori ambao ningeufuata hata siku nisiyosafiri.

"Mama shikamoo, naomba mtori, nina ndege."

"Marahaba. Kaa tu mwanangu, upo tayari."

Na kweli upo tayari! Hapo ndipo mtori unapozipiga bao chipsi mayai, ambazo lazima usubiri mafuta yachemke. Kazi yote imefanyika alfajiri: nyama ya ng'ombe ya mfupa imechemshwa hadi ikalainika, ndizi mbichi zikamenywa na kuivia kwenye supu ileile, kisha zikapondwa mpaka hujui ndizi imeishia wapi na supu imeanzia wapi. Mteja akifika ni kuchota tu.

Bakuli likatua mezani likifuka mvuke. Mzito! Kijiko nilichokichomeka katikati kilisimama kwanza, ndipo kikaegemea ukingo taratibu. Ladha ya mfupa inatangulia, kitunguu kinafuata, halafu ule utamu wa mbali wa ndizi. Nyama inaachia mfupa kwa kijiko, huhitaji kuivuta kwa meno. Kamulia ndimu, weka pilipili mbuzi kidogo pembeni, kata chapati ya moto uchovye. Jamani!

Ndizi zenyewe hazitoki mbali. Miteremko ya Mlima Meru imejaa migomba, na siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, mikungu hushushwa kwa wingi. Wameru na Wachaga huwapa mtori hata wazazi waliotoka kujifungua, kwa sababu unashibisha na hausumbui tumbo. Msafiri naye anahitaji hivyohivyo! Ndege nyingi za Kisongo ni ndogo, zile za kwenda Seronera, na zikipita juu ya milima ya Ngorongoro hutikisika. Tumbo lililojaa mafuta litakulaumu; lenye mtori limetulia.

Ushauri wangu: toka mjini mapema, kwa kuwa uwanja uko mwendo mfupi tu magharibi ya jiji. Omba kipande chenye mfupa. Lipa kabla hujaanza kula ili ukimaliza uinuke tu. Usiombe wa kubeba, kwani ukipoa unaganda na utamu unapungua.

Wanaoondokea KIA, katikati ya Arusha na Moshi, nanyi mko kwenye njia ya ndizi: Tengeru mnaipita. Ulizeni mtori hapo kabla hamjasonga mbele.

Maksi zote kwa mama huyu! Viwanja vyetu vina kahawa na keki za kutosha. Sasa viwape mama lishe kama huyu nafasi ndani ya jengo, abiria aonje Meru kabla hajaruka.