Midomo Mitatu

Albamu ya kwanza ya kundi la The Soil ilitoka mwaka 2011, na ndani yake hakuna gitaa, kinanda wala ngoma. Wapo Buhlebendalo Mda na ndugu wawili, Ntsika na Luphindo Ngxanga, vijana wa Soweto walioanza kuimba pamoja wakiwa wanafunzi wa sekondari ya Tetelo. Muziki wao wanauita kasi soul, yaani soul ya kitongojini.

Niliisikiliza kwa utulivu Bertrams, mashariki mwa katikati ya Johannesburg, jirani na uwanja wa Ellis Park, nikiwa na Wakongo waliolelewa na kwaya za Lubumbashi. Mwanakwaya hasemi kwanza kama wimbo ni mtamu. Anauliza: nani kashika besi?

Swali hilo lina uzito wake katika nchi hii. Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds waliporekodi wimbo wa Mbube studio za Gallo mwaka 1939, Linda alipaa juu kabisa huku wenzake wakirundikana chini. Joseph Shabalala naye aliijenga kwaya ya Ladysmith Black Mambazo kwa besi saba, alto mmoja, tenor mmoja, na yeye mbele akiongoza. Besi zikiwa nyingi hivyo, mmoja akivuta pumzi hakuna anayejua.

The Soil hawana akiba hiyo. Luphindo anapiga midundo kwa mdomo: teke la ngoma kubwa linatoka kwenye midomo iliyobanwa, sauti ya toazi inatoka kwenye meno, na katikati yake anapenyeza noti za besi. Sasa fikiria pumzi yake. Akichelewa kuivuta, mdundo unakatika na wenzake wawili wanabaki wananing'inia. Kwa hiyo pumzi yenyewe lazima ipangiwe nafasi ndani ya mdundo. Ukisikiliza kwa spika za masikioni utaona kwamba mara nyingi nafasi hiyo ndiyo inayoutikisa wimbo. Hapo ndipo shingo inapoanza kucheza.

Ntsika ana sauti nzito yenye mkwaruzo, na mwimbaji mwingine mwenye kipaji hicho angetamba nayo mwanzo hadi mwisho. Yeye anajua kuishusha hadi ikawa kitanda cha Buhle. Buhle, mwenye sauti ya kujaza kanisa bila maikrofoni, hakimbilii kilele. Katika Joy (We Are Family), wimbo uliowafikisha kila nyumba, furaha inapanda taratibu kwa kuitikiana, hakuna anayemfunika mwenzake. Lugha pia inawabeba: vidoko vya Kixhosa vinaweza kufanya kazi ya kijiti kwenye ukingo wa ngoma.

Ugumu mwingine wanaujua wote waliowahi kuimba bila kinanda: sauti huporomoka. Mnaanza vizuri, ubeti wa tatu mmeshateremka nusu toni na hakuna aliyeona. Dawa yake ni masikio yaliyozoeana, na mazoea hayo hayanunuliwi studio. Walikuwa wameshaimba pamoja miaka kadhaa kabla lebo ya Native Rhythms haijawatoa, na naamini miaka hiyo ndiyo iliyotengeneza albamu kuliko mashine yoyote.

Anayefundisha kwaya awape waimbaji wake wimbo wa Baninzi, awaambie wafuate besi peke yake tangu mwanzo, na kila Luphindo anapovuta pumzi wapige kofi moja.