Maktaba si kabati: neno letu juu ya vyumba vya kusomea hapa Sange



Kila mara tunapoalikwa kwenye sherehe ya kufungua chumba cha vitabu, huku kwetu katika uwanda wa Ruzizi, mambo yanaendeshwaga namna moja. Mkubwa mmoja anasimama, anatukumbusha maneno ya Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyeiambia UNESCO mwaka 1960 kwamba mzee wa Afrika akifa ni sawa na maktaba iliyoungua. Tunapiga makofi. Utepe unakatwa, fanta zinagawanywa, picha zinapigwa. Kesho yake kufuli iko mlangoni. Na yule mzee tuliyesema kuwa ni maktaba amekaa chini ya mwembe wake, hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kumuuliza kitu.

Tunaandika haya bila kumchokoza mtu. Sisi walimu tulikuwa wa kwanza kupiga makofi, na wa kwanza kwenda nyumbani. Kwa hiyo lawama itaanzia kwetu.

1. Kosa lilianzia wapi?

Siku moja tulipewa ufunguo wa chumba cha namna hiyo. Jina lake tunaliacha. Kilikuwa na kabati mbili, meza ndefu, na vitabu vilivyotoka Ulaya kama zawadi. Vingi vilikuwa vya Kifaransa, vingine vya kufundishia mambo ambayo programu yetu ya masomo haina. Tukabandika ukutani masharti: kunyamaza, kunawa mikono, kutotoa kitabu inje. Chumba kilifunguliwa asubuhi hadi saa nane, yaani saa ambayo watoto wako darasani na wamama wako shambani. Jioni, watu wanaporudi na kuoga na kutafuta pa kukaa, sisi tulikuwa tumeisha funga.

Na programu? Mara moja kwa mwaka, mashindano ya insha kwa Kifaransa. Mara nyingine mkutano wa mafunzo, ambamo mgeni anasoma karatasi yake na wengine wanasinzia. Baada ya muda kidogo chumba kilibaki na panya. Tukasema: «Watu wa Sange hawapendi kusoma.»

Leo tunasema wazi kwamba neno hilo halikuwa kweli. Watu wa Sange wanasoma. Wanasoma ujumbe ku telefone, wanasoma vitabu vya nyimbo kanisani, wanasoma deni lao kwenye daftari ya muuza duka, na asiyejua kusoma anamwita mtoto amsomee. Chumba chetu njo kilikosa cha kuwapa, na kilikosa saa ya kuwapokea.

2. Watu wanakusanyikaga wapi?

Wazee wetu walijua jambo ambalo sisi wenye diplome tulisahau. Hadithi ilikuwa na saa yake, yaani jioni, moto ukiwa katikati na chakula kikingojewa. Ilikuwa na mwenyewe, mara nyingi bibi. Tena ilikuwa na kazi kwa kila aliyeketi: mmoja anatega kitendawili, mwingine anajibu, wote wanaitikia wimbo ulio ndani ya hadithi. Mtoto aliyelala katikati aliamshwa kesho kwa maswali. Ile ilikuwa programu kamili, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Siku hizi saa ileile ya jioni, vijana wanakwenda ku nyumba za video. Hatuwalaumu. Kule kuna mwanga na majirani, na kuna kitu cha kutazama pamoja na kubishania. Kila mtu wa Sange anajua mahali fikira zetu zinakwenda tunaposema hivi. Tarehe 2 Julai 2010, jioni ya mchezo wa Ghana na Uruguay katika Kombe la Dunia, lori la petroli lilianguka hapa kwetu, kwenye barabara ya kitaifa namba 5. Wako waliokimbilia mafuta yaliyomwagika, na wako waliokuwa wamekaa tu, wanatazama mpira. Moto ukawachukua wote. Walikufa watu zaidi ya 230.

Wanafunzi tulio nao sasa katika sekondari, wengi walizaliwa karibu na mwaka ule. Wanapita barabara ileile kila siku. Mmoja alituuliza darasani: «Mwalimu, ile habari ya moto iko mu buku gani?» Tukakosa la kumjibu. Kabati zetu zilikuwa na vitabu vya vita vya Napoleon, na habari ya avenyu yake mwenyewe hazikuwa nayo. Tangu siku ile hatuwezi tena kusema kwamba shida ni wasomaji.

3. Mfano wa Kitengesa

Tusitafute mbali sana. Inchini Uganda, upande wa Masaka, kuna kijiji kinachoitwa Kitengesa. Mwaka 1999, pale ku masomo ya sekondari, maktaba ilianza na sanduku moja la vitabu. Nyumba yake ilijengwa baadaye tu, ikafunguliwa 2002. Ona mpangilio huo: kwanza wasomaji, kisha ukuta. Sisi tunaanzaga na ukuta.

Wakaweka umeme wa jua ili usiku usiwafukuze watu. Wakaweka gazeti la Kiganda, lugha ambayo watu wanaiongea nyumbani. Wakafungua mafunzo ya wamama wasiojua kusoma. Na kazi ya kulinda vitabu wakawapa wanafunzi, wakilipiwa feza za masomo kwa kazi hiyo. Hapo tunapenda kukazia. Kwetu tunamwambia mlinzi wa chumba: «Fanya kwa moyo.» Mwezi wa kwanza anafanya kwa moyo, mwezi wa pili anakwenda kulima mchele, na ni haki yake. Mtoto anayelipiwa masomo kwa kulinda vitabu, wazazi wake pia watalinda vitabu.

Tena huko Kenya, mwaka 1996, maktaba ya taifa ilianza kubebesha ngamia vitabu upande wa Garissa, kwa sababu wafugaji wanahama. Hawakungoja mfugaji ajifunze kukaa pahali pamoja. Kitabu njo kilimfuata.

4. Lugha zetu ndani ya chumba

Kuna jambo lingine ambalo mikutano yetu inalikwepa. Mwaka 2011 vilitoka vitabu viwili vinene vya Karen na Roger Van Otterloo, vinavyochunguza sauti na sarufi ya Kifuliiru. Ni kazi kubwa, nasi tunaiheshimu. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi Mfuliiru wa Sange anaweza kumaliza sekondari bila kujua kama lugha ya bibi yake ina kitabu cha namna ile. Maktaba ya hapa ingepaswa kuwa mahali pa kwanza pa kumweleza.

Na hatusemi Kifuliiru peke yake. Hapa kwenye uwanda tunaishi pamoja, Wafuliiru, Warundi na wengine, na tunajua namna lugha ya mtu inavyoweza kugeuzwa kuwa kosa lake. Mutarule, Juni 2014, si mbali na hapa. Hatudanganyi watu kwamba hadithi za jioni zingezuia mauaji. Tunasema tu kwamba mtoto aliyecheka kwa hadithi ya bibi wa jirani yake ameisha pata sababu moja ya kumjua jirani yule kama mtu.

5. Tunapendekeza nini?

Kwanza, chumba kifunguliwe jioni, hata siku mbili tu kwa juma. Ni heri siku mbili za kweli kuliko sita za kwenye karatasi.

Pili, jioni moja iwe ya wazee. Mzee au bibi ahadisie kwa lugha yake, Kifuliiru au Kirundi, na wanafunzi wawili waandike ndani ya daftari. Juma linalofuata waisome kwa Kiswahili mbele ya mwenyewe, awasahihishe. Wako watakaosema kwamba hadithi ikiandikwa inakufa, sababu kila mhadisiaji anaigeuza. Wana haki kwa sehemu. Kwa hiyo kila daftari iandikwe jina la mhadisiaji, pahali na tarehe, na mtu asiseme kwamba hii njo hadithi ya kweli na ile ya jirani ni ya uongo. Na lile ambalo wazee hawataki liandikwe, lisiandikwe.

Tatu, kuwe na daftari ya tarehe 2 Julai. Familia inayopenda, na inayopenda tu, ilete jina la mtu wake na maneno machache: alifanya kazi gani, alipenda nini. Jina lisomwe kila mwaka siku ile. Mwanafunzi wetu atapata jibu la swali lake.

Nne, anayelinda chumba apate kitu, hata kama ni feza za masomo ya mtoto wake.

Mtu atatuambia: «Bana, na vita je?» Swali ni la haki. Desemba 2025 vita vilifika Sange na kushuka hadi Uvira, na watu wengi walivuka Ruzizi kuingia Burundi na kifurushi kimoja tu kichwani. Katika siku kama zile kabati linavunjwa na karatasi zinawashia moto. Lakini kule kambini, tunasikia, wamama waliendelea kuwahadisia watoto ili walale. Kwa hiyo daftari ziandikwe mbili mbili na ziwekwe katika nyumba mbili, na hadithi zijulikane na watu wengi, si mlinzi wa ufunguo peke yake.

Msomaji mpendwa, kama umesoma mpaka hapa, wewe ni mmoja wa wale tunaowatafuta. Usituletee kitabu kwanza. Tuletee kigoda chako, daftari ya kurasa mia moja, na ukiweza, umshike mkono bibi yako mje pamoja jioni.