Harlaw: Mauaji Yenye Kibwagizo cha Kuchezea

Acheni mlichoshika, jamani! Nimetoka sasa hivi kuusikiliza wimbo wa vita vya Harlaw, masikio bado yananiwaka, na nikingoja nitulie ndipo niandike nitakuwa nimewadhulumu.

Ala za kusifia hamna. Hakuna gitaa, hakuna fidla, hakuna hata ngoma. Ni sauti tupu ya mama mmoja, Lucy Stewart wa kijiji cha Fetterangus, kaskazini mashariki mwa Uskoti, aliyekuwa akiimba nyumbani mwake mpaka Mmarekani Kenneth Goldstein alipobisha hodi na mashine yake ya kunasia sauti. Santuri ilitolewa na Folkways mwaka 1961. Na mama huyu hana papara! Halii, hapazi sauti mtu anapouawa, haburuzi neno ili tumwonee huruma. Anasimulia mauaji kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele.

Vita vyenyewe ni vya kweli. Tarehe 24 Julai 1411, Donald, Bwana wa Visiwa, aliteremka na watu wake wa nyanda za juu akidai haki ya kulitawala eneo la Ross, akakutana na jeshi la Alexander Stewart, mtawala wa Mar, karibu na Inverurie, si mbali na Aberdeen. Robert Davidson, aliyekuwa mkuu wa mji wa Aberdeen, aliuawa papo hapo. Mshindi nani? Donald aliondoka, Mar akabaki uwanjani hoi, na ubishi ukaanzia hapo.

Mara nikakimbilia mkusanyo wa Francis James Child, ambamo wimbo huu ni nambari 163 kati ya nyimbo 305. Oneni historia inavyochezewa! Watu wa nyanda za juu wamekuwa elfu hamsini. (Elfu hamsini! Nani angewalisha?) Vita vya siku moja vimevutwa tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Mar, jemadari mwenyewe, hatajwi; nafasi yake wameinyakua ndugu wa ukoo wa Forbes. Na mkuu wa adui, ambaye kwa hakika alirudi kwao mzima, humu anapigwa dharuba mbili za upanga na kuzikwa mwendo wa maili moja na ushei kutoka Harlaw.

Uongo mtupu, nami nimeumeza wote! Sababu ni deraya moja. Forbes anaona watu wake wanazidiwa. Kumbe deraya yake ya chuma iko nyumbani. Vita vimepamba moto, mtumishi anatumwa huko, Drumminor, akailete! Anapanda farasi, anakwenda, anarudi, na tunaambiwa farasi hakushindwa na safari ilichukua muda wa saa mbili na robo. Robo! Kwenye uwanja wa damu, karne ya 15, nani alikuwa akitazama saa? Mtunzi aliyeongeza maelfu ya askari bila aibu amekataa kuiacha robo ile ipotee. Hapo ndipo aliponipata. Tangu ubeti ule nilikuwa tayari kuamini lolote.

Halafu kibwagizo! Silabi za kuchezea mdomoni, hazina maana yoyote, zinarudi ubeti baada ya ubeti. Mtu anaanguka, silabi zinarukaruka. Safu zinasukumwa nyuma upana wa ekari tatu, silabi zinarukaruka. Mwanzoni nilicheka. Walipofika kuhesabiwa wale wachache waliorudi makwao, silabi zilezile zilinisimamisha nywele, wala hakuna kilichobadilika, si mwendo wala sauti.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Wimbo huu ni wa watu wa nyanda za chini, na wenzao wa milimani, waliokuwa wakisema Kigaeli, wanatiwa mdomoni Kiskoti cha kuvunjavunja ili wachekwe. Ni kejeli ya majirani waliochukiana, na inachoma hata leo.

Hata hivyo, utafuteni leo hii! Anzeni na sauti ya Lucy Stewart, maandishi yafuate baadaye. Na utakayeshikwa na kicheko kwenye kibwagizo, usiuzime wimbo: ngoja beti za mwisho.