Tarehe ya Jaladani: Fujo za Baada ya Uhuru na Tatizo la Vipindi katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Historia ya fasihi ya Kiswahili ya baada ya uhuru huelezwa kwa vipindi viwili: matumaini, kisha kukata tamaa. Makala haya yanadai kwamba mpangilio huo umejengwa juu ya miaka ya uchapishaji, na kwamba unaficha jambo ambalo matini zenyewe zinalidhihirisha: shaka na sifa viliishi katika miaka ileile, mara nyingine katika kalamu ileile. Hoja inajengwa kwa kurejelea kazi za Adam Shafi na Euphrase Kezilahabi.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeulizwa kuhusu riwaya ya Kiswahili ya miaka ya 1970 ana jibu lililokwisha andaliwa. Uhuru ulikuja, likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, waandishi wakaitika. Baadaye mambo yakaharibika, waandishi wakakata tamaa. Jibu hili lina uzuri wa ngano: lina mwanzo, kati na mwisho. Tena limeungwa mkono na wahakiki wengi waliosoma fasihi kama kioo cha jamii, ambao kwao kila mabadiliko ya sera lazima yafuatwe na mabadiliko ya maudhui kama mkia ufuatavyo ng’ombe. Tatizo ni kwamba kazi tatu au nne zinatosha kulivuruga, na kazi zenyewe si za pembeni.

Tuanze na Unguja. Uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulidumu mwezi mmoja tu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliung’oa utawala wa Sultani pamoja na serikali iliyokabidhiwa madaraka na Waingereza, na miezi mitatu baadaye Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978) ndiyo riwaya inayotajwa zaidi kama sauti ya tukio hilo. Bwana shamba mwenye kasri anaporomoka, ardhi yake inakuwa ya walioilima, naye mwenyewe analazimika kushika jembe. Wahakiki waliiweka, kwa haki, katika safu ya fasihi ya ukombozi.

Lakini riwaya hii haikai katikati ya kasri wala katikati ya chama. Inakaa kwa Kijakazi, mtumishi ambaye utiifu wake kwa Fuad hauvunjwi na kazi, wala matusi, wala mateso. Wenzake wanaozungumzia mabadiliko hawamshawishi. Uhakiki wa miaka ya 1980 ulimpa jina la haraka, mtu asiye na mwamko wa kitabaka, kisha ukaendelea na safari yake. Jina hilo linaeleza kidogo mno. Ikiwa mapinduzi ni ya wanyonge, na mnyonge aliyechorwa kwa undani kuliko wote hayataki, basi mwandishi ameiweka shaka ndani ya nguzo ya nyumba yenyewe. Hakuhitaji kuitangaza. Msomaji anayemaliza kitabu akikumbuka zaidi uso wa Kijakazi kuliko furaha ya wanaushirika hajakisoma vibaya.

Hapa panaingia jambo ambalo mpangilio wa vipindi hauwezi kulimeza. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, aliuawa kwa kupigwa risasi Kisiwandui, katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party. Ukafuata ukamataji mkubwa, kisha kesi ya uhaini iliyoendeshwa katika mahakama ambamo washtakiwa hawakuwa na mawakili, na ambamo ushahidi ulitegemea sana maungamo yaliyopatikana kwa mateso. Washtakiwa waliokuwa Tanzania Bara, akiwemo Abdulrahman Mohamed Babu, walihukumiwa bila kuwapo mahakamani, kwa kuwa Nyerere hakukubali kuwakabidhi. Babu alibaki kizuizini Bara hadi mwaka 1978. Adam Shafi naye alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani, na tajiriba hiyo ndiyo chimbuko la Haini (2003).

Wanaofuata njia ya vipindi husema: huyu hapa, kijana wa matumaini mwaka 1978, mzee wa uchungu mwaka 2003. Hesabu inakataa. Mwandishi alikwisha kuijua seli kabla Kasri ya Mwinyi Fuad haijafika dukani. Aliyeisifu ardhi iliyorudi kwa wakulima hakuwa mtu asiyejua mapinduzi yanaweza kuwafanya nini wana wake. Kwa hiyo riwaya hizi mbili si hatua mbili za safari moja ya fikra. Ni ushahidi wa mtu yuleyule kuhusu pande mbili za tukio lilelile, mmoja uliotolewa mapema na mwingine uliosubiri miongo mitatu. Mapinduzi yaliwapa ardhi wasiokuwa nayo na yakajenga vyumba vya mateso, wala hakuna sharti kwamba moja likiwa kweli la pili liwe uongo. Kinachopaswa kuulizwa ni kwa nini ushahidi wa pili ulisubiri.

Kusubiri huko kumeacha alama katika fani. Haini si riwaya ya tukio, ni riwaya ya maneno. Hamza na wenzake hawaulizwi walichofanya. Wanatakiwa kukubali walichokwisha andikiwa. Mtesaji anafanya kazi ya mtunzi: ana msuko, ana wahusika, ana kilele, anachokosa ni sauti ya kukariri. Mwili wa mfungwa unaumizwa ili usimulie hadithi ya mtu mwingine. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyezoea riwaya ya Unguja kuwa na msimulizi mwenye uhakika, kama ilivyo katika Kuli (1979), mbinu hii ni mapinduzi ya aina yake, ingawa lugha ya Adam Shafi inabaki nyepesi na ya moja kwa moja. Pengine ni nyepesi kupita kiasi penye mateso yanayojirudia; kuna kurasa ambapo msomaji anazoea maumivu, na hilo ni hasara kwa kitabu kinachodai kwamba maumivu hayazoeleki.

Upande wa Bara kisa ni kingine, lakini tatizo la tarehe ni lilelile. Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1975. Tumaini, kijana aliyetapanya mali na baadaye akajenga utajiri wa shamba, anamuua kiongozi wa serikali pale mali yake inapotakiwa kutaifishwa, na anaishia mikononi mwa sheria. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji tanbihi: tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi. Riwaya haimtakasi muuaji wala haimfanyi aliyeuawa kuwa shahidi. Kezilahabi anaiacha fujo ibaki fujo, na ndiyo maana wahakiki waliotaka msimamo walimwona mkengeufu. Mwaka ule Operesheni Vijiji ilikuwa bado inaendelea.

Miaka minne baadaye likaja Gamba la Nyoka (1979). Kufikia mwaka 1977 vijiji zaidi ya 7,000 vilikuwa vimeorodheshwa. Watu walikuwa wamehamishwa, wengine kwa hiari, wengi kwa amri iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 1973. Riwaya inasimulia uhamishaji huo kwa kicheko. Vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanabeba katika majina yao ahadi nzima ya zama mpya, na majina hayo yanachekesha zaidi kila mambo yanapokwama. Kicheko ndicho kilichokuwa pasi ya kuvukia mpaka. Jina la kitabu linasema waziwazi kwamba nyoka ajivuaye gamba hubaki nyoka, ila linasema kwa sauti ya methali, na methali haina mtu wa kushtakiwa. Mwaka 1980 Claude Mung’ong’o hakutumia hata kinga hiyo: Njozi Iliyopotea inatangaza hukumu yake jaladani. Hivyo kile kinachoitwa kipindi cha kukata tamaa, ambacho vitabu vya kiada hukisogeza hadi katikati ya miaka ya 1980 pamoja na kuporomoka kwa uchumi, kilikuwa tayari sokoni kabla Nyerere hajang’atuka.

Jiwe zito zaidi ni Kaptula la Marx. Tamthiliya hii iliandikwa mwaka 1978, mwaka uleule wa Kasri ya Mwinyi Fuad, na ikachapishwa mwaka 1999. Rais Kapera na mawaziri wake wanaifunga safari ya kwenda Nchi ya Usawa, yeye akiwa amevaa kaptula yenye vipimo vya Marx inayompwaya. Upande mwingine wa jukwaa kuna wafungwa. Tashtiti yake haina kificho: mzaha unampiga kiongozi, unaipiga nadharia aliyoivaa bila kuipima, na unawaonyesha walio gerezani wakifikiri vizuri kuliko walio safarini. Anayeisoma kama kazi ya 1999 anaona mtunzi akiucheka Ujamaa uliokwisha zikwa, jambo lisilohitaji ujasiri. Anayeisoma kama kazi ya 1978 anaona mtunzi akiucheka Ujamaa ungali na dola mkononi. Maneno ni yaleyale. Thamani ya kila neno inabadilika kwa miaka 21.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Fasihi ni tendo la kijamii. Mswada ulio ndani ya mtoto wa meza haujaingia katika jamii, na mwanahistoria ana haki ya kuhesabu vitabu tangu siku vilipofika mikononi mwa wasomaji. Kwa mantiki hiyo Kaptula la Marx ni ya 1999 na Haini ni ya 2003. Jibu ni kwamba historia ya aina hiyo ni halali endapo inajulikana kwa jina lake: ni historia ya usomaji. Inapogeuzwa kuwa historia ya fikra, inazaa uongo wenye faida kwa wenye mamlaka, kwamba wakati ule hakuna aliyejua, kwamba makosa yalionekana baadaye tu, kwa macho ya baadaye. Kezilahabi alijua mwaka 1978. Waliolala katika seli za Unguja walijua mapema zaidi.

Mihtasari ya kozi bado huziweka Kasri ya Mwinyi Fuad na Kaptula la Marx katika mihula tofauti, ya kwanza chini ya ujenzi wa taifa, ya pili chini ya mageuzi ya vyama vingi. Zikisomwa wiki moja, Kijakazi na wafungwa wa Kapera wanaanza kujibizana. Yeye alikataa uhuru alioletewa. Wao wamefungwa na uhuru uliokwisha fika. Kati yao wapo wanaushirika wa shamba la Fuad, wanaovuna kwa mara ya kwanza mazao yao wenyewe, na furaha yao ni ya kweli.